Kifua cha Mkwe Wangu

Mwanamume aliyemwoa binti yangu ana kifua. Sisemi hivyo kumsifu. Nasema kwa sababu mwenyewe hawezi kumaliza kikombe cha chai bila kukitaja. "Kifua changu hiki," anasema, halafu anakipiga ngumi, du, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Sura yake ya kawaida, kimo chake cha kawaida, na akili, basi, tuiache kwanza akili. Lakini kifua, loo! Kifua anacho, na lazima ulimwengu upewe habari. Wafanyakazi wake wanamwita Bosi Kifua, na yeye anadhani wanamsifu.

Kila asubuhi jua likichomoza anatoka uani na taulo begani, anashika kiuno, anainua kidevu, anaanza. Krrrh! Krrrrh! Khaa! Ptu! Kuku wa jirani wanatimua mbio. Wala shughuli yenyewe haiishi upesi, anakwenda nayo mpaka machozi yanamtoka. Ukimwuliza kama anaumwa, umeleta ugomvi. Eti kukohoa ni kwa wagonjwa na wavivu, yeye anasafisha koo. Eti mwenye kifua imara husukuma uchafu nje, mwenye kifua kibovu hubaki nao ndani. Anayasema hayo na uso mkavu kabisa, na binti yangu, niliyemsomesha kwa jasho langu, amesimama mlangoni na maji ya uvuguvugu akimsubiri, utadhani mumewe anatoka vitani.

Mimi nakaa chumba cha uani kwake. Najua utasema nini: mama mkwe anayelala kwa mkwe afunge mdomo wake. Sifungi. Chakula chake nakilipa kwa sindano, maana ndiye mimi ninayeshona magodoro kwenye karakana yake, na mshono wangu ndio unaomletea wateja, si kifua. Wenzangu wananiita Mama Sindano, wengine wanasema ni kwa sababu ya kazi na wengine kwa sababu ya ulimi. Nakula kwake, nashona kwake, na dharau namwongezea bure.

Kitu kimoja tu kwenye nyumba ile kilikuwa kinaniweka: mjukuu wangu. Tulimwita Kasuku kwa sababu ya kusema. Mtoto yule alikuwa akiamka anasema, akila anasema, akilala bado midomo inacheza. Chochote alichokifanya mkubwa, naye alikifanya. Ukijikuna, anajikuna. Ukisonya, anasonya, tena anasonya vizuri kuliko wewe. Usiku analala katikati ya baba na mama yake, maana baba mtu amesema mwanawe halali kitanda cha peke yake kama yatima.

Sasa Kasuku alikuwa amenyamaza. Si kwa siku moja. Alianza kwa kuacha kucheza, akaja akaacha kula, gauni lake la kutembelea likawa linamshuka mabegani. Jioni mwili unachemka, asubuhi shuka limelowa jasho. Binti yangu alimpeleka zahanati wakampa dawa ya minyoo. Akampeleka tena wakampa dawa ya maji ya kuongeza hamu ya kula. Mara ya tatu wakamwuliza, nyumbani kuna mtu anayekohoa? Akajibu hakuna. Na alijibu kwa moyo safi kabisa, maskini, kwa sababu nyumbani kwao hakuna anayekohoa. Kuna mtu anayesafisha koo.

"Atakuwa anakua," mkwe wangu akasema. "Watoto wakirefuka hukonda."

"Anarefuka kwenda wapi?" nikamwuliza. "Mbona namwona palepale?"

"Mama, wewe nawe kila kitu unakitafutia ubaya."

Basi. Ndiye baba, ndiye bosi, ndiye kifua.

Karakana yenyewe ungeiona. Ni chumba kirefu chenye bati juu na madirisha yaliyofungwa mwaka mzima, kwa sababu upepo ukiingia unapeperusha pamba, na pamba ikipeperuka, bosi anasema, ni hela imeruka. Upande mmoja wanakaa wachambuaji, wanapiga pamba kwa fimbo mpaka ifumuke. Katikati washindiliaji. Sisi washonaji mwisho, karibu na mlango, ndio tunaopata hewa kidogo. Jua likipenya kwenye matundu ya bati unaona vumbi limesimama hewani, na sisi ndani yake tumefunika pua kwa khanga. Kila mtu mle anakohoa. Ila kukohoa mbele ya mteja ni kosa, unarudishwa nyumbani na siku yako imekwenda. Kwa hiyo watu wamejifunza: kikohozi kikija, unachota bunda la pamba, unalikumbatia usoni, unakohoa humo ndani, unalirudisha. Mteja anaingia anakuta watu kimya, wanakumbatia pamba, anasema jamani wafanyakazi wako wanaipenda kazi yao. Ebo!

Aliyekohoa kuliko wote ni mzee mmoja mchambuaji, tulimwita Mzee Pamba kwa vile mvi zake na kazi yake huwezi kuvitenganisha. Bosi alikuwa akimpita anashika pua. "Mzee, kifua chako hicho siku moja kitanifukuzia wateja." Na Mzee Pamba, mtu mzima mwenye wajukuu, anaomba radhi kwa kukohoa. Nilikuwa nikimwangalia nasema moyoni, na wewe nawe, omba radhi kwa kupumua kabisa.

Ndipo ikaja oda ya shule. Shule ya bweni, magodoro ya wanafunzi wote, oda ambayo mkwe wangu hajawahi kuiona hata ndotoni. Akanunua mkanda mpya wa suruali kabla hata hajakata kitambaa. Lakini shule ikaweka sharti: wafanyakazi wote wapimwe kifua kikuu kwanza, maana watoto watalalia kile tulichokishika. Na kulikuwa na watu wa afya wanaozunguka mitaani kupima bure, wakaambiwa wapitie kwetu.

Wakaja. Wakapiga hema nje, wakafunga kipaza sauti, na kiongozi wao, mratibu, akashuka garini amevaa kizibao chenye mifuko kila mahali na hakuna hata mmoja wenye kitu. Akatuhutubia. Eti sisi ni makundi yaliyo hatarini. Eti tumefikiwa. Neno hilo la kufikiwa alilisema mara nyingi kama vile tulikuwa tumepotea msituni, wakati karakana iko barabara kuu na kibao chake kinaonekana kutoka sokoni. Miaka yote hiyo barabara ilikuwepo.

"Kumbe sisi ni makundi?" Mzee Pamba akaninong'oneza.

"Wewe peke yako ni makundi mawili," nikamjibu. "Nyamaza tusikie."

Aliyekuwa na maana pale ni mmoja tu, muuguzi. Mwanamke mwembamba, sauti ya chini, barakoa usoni, hakuwa na haja na kipaza sauti. Alituuliza mmoja mmoja: unakohoa, unapata homa, unatoka jasho usiku, umepungua? Watu wote wakajibu hapana, hapana, hapana, huku bosi amesimama nyuma yake amekunja mikono. Yeye akawa anatutazama tu. Mwisho akampa kila mtu kikopo chenye jina lake na kifuniko. Ukiamka asubuhi, akasema, kabla hujala, vuta pumzi, kohoa kutoka ndani kabisa, tema humu. Mate hayana kazi, nataka makohozi. Nitakuja kuvichukua.

Mkwe wangu naye akapewa chake. Akakikataa. "Mimi si mfanyakazi, mimi ni mwenye karakana. Na kifua changu, sista," du, "kinajieleza."

Hema likakunjwa, gari likaondoka. Hata vumbi lake halijatua, bosi akapiga makofi. "Vikopo vyote mezani kwangu. Mkienda navyo nyumbani mtavisahau, watoto watavichezea. Asubuhi nitawagawia mwenyewe." Watu wakavirudisha. Hawakuuliza. Mle ndani mtu akiambiwa arudishe pua yake ataiweka mezani.

Asubuhi yake nilitoka chumbani kuteka maji. Mkwe wangu yuko uani, taulo begani, kiuno ameshika. Krrrh! Krrrrh! Khaa! Lakini ptu sikuisikia. Nikachungulia. Vikopo vyetu vyote vimepangwa juu ya jiwe la kufulia, vifuniko pembeni, na yeye anatema kwenye bakuli, halafu anachota, anagawa. Kidogo hiki, kidogo kile. Anachota kwa kijiko cha uji cha mtoto.

"Mkwe! Unafanya nini?"

Hakushtuka wala hakuona haya. "Mama, nawaokoa watu hawa. Vifua vyao vibovu, wakipimwa wenyewe wataniangusha, oda itakufa, na wao watakosa kazi. Kifua changu kitawabeba wote."

Nilitaka kucheka nikashindwa, nilitaka kutapika nikajizuia. Nilimwangalia anavyofunga vifuniko, taratibu, kama mama anayepakia watoto chakula cha shule. Binti yangu akatoka na maji ya uvuguvugu, akaona, akaniangalia mimi kwa jicho la "usianze." Sikuanza. Nilijua ni upumbavu, lakini upumbavu wa yule mtu ulikuwa mwingi, ningeusahihisha wote ningeshona saa ngapi? Nilichukua kile kijiko nikakitupa shimo la taka, nikaenda kazini.

Muuguzi akaja akachukua vikopo vyake. Bosi akamkabidhi mwenyewe, kwa heshima zote, amevaa mkanda mpya.

Walirudi baada ya siku chache tu, na safari hii mratibu alikuja na mpiga picha. Alikuwa anang'aa. Uso wa mtu aliyepata. Tukakusanywa nje, kipaza sauti kikafungwa, akakohoa kidogo kukijaribu, halafu akatangaza: karakana yetu imekutwa na kifua kikuu kwa wafanyakazi wote. Wote! Hajabaki mtu. Akasema haijawahi kutokea katika kazi yake. Alisema hivyo kama mtu anayetangaza mavuno.

Loo, vilio! Mzee Pamba alikaa chini pale pale, akaanza kumtaja mke wake. Mshindiliaji mmoja, mama wa watoto wadogo, akashika kichwa na mikono miwili. Wengine wakaanza kulaumiana nani kamwambukiza nani. Na mratibu anamwelekeza mpiga picha, chukua upande huu, chukua na yule mzee. Nilimtazama kizibao chake nikatamani kumtia kitu kwenye mfuko mmoja, jiwe.

Mimi sikulia. Nilikuwa nimegeuka kumtazama mkwe wangu. Alikuwa ameegemea ukuta wa karakana, mdomo wazi, na mkono wake uko kifuani, lakini haukupiga. Ulikaa tu.

"Mashine yenu mbovu," akasema.

"Mashine nimeirudia," muuguzi akajibu. Hakupandisha sauti. "Haina tatizo. Tatizo ni makohozi yenu. Yanafanana yote, kama chai iliyomiminwa kutoka birika moja. Watu wengi hivi hawawezi kufanana hivyo." Akatuzungukia kwa macho. "Haya yametoka kwa mtu mmoja. Nani alivijaza?"

Watu wote walijua vikopo vililala mezani kwa nani. Wakatazama chini, kila mtu anahesabu vidole vya miguu yake. Ndio hao waliokuwa wanalia sasa hivi kwamba wanakufa, lakini kufa kuliwaogopesha kidogo kuliko bosi.

"Sawa," muuguzi akasema. "Kila mtu atatoa makohozi yake leo, nje hapa, ninamwona. Ila mnisikilize. Huyo mtu mmoja, popote alipo, anaumwa kweli, na anaambukiza. Mkubwa anaweza kukaa muda mrefu anatembea na anafanya kazi zake. Watoto wanaolala naye ndio wananitia hofu. Mtoto mdogo hakohoi sana kama mkubwa. Anakonda tu. Ananyamaza. Na akichelewa, anakwenda."

Sikumbuki nilivuka vipi ule umati. Nilimshika mkwe wangu shati, mimi mama mkwe wake, mbele za watu, nikamvutia nyuma ya ghala la pamba.

"Umemsikia?"

"Mama, niachie shati."

"Umemsikia alivyosema? Ni Kasuku yule! Ni Kasuku anayemsema, hata hajamwona!"

"Mama, usinivunjie heshima mbele ya wafanyakazi wangu."

"Heshima? Heshima ipi? Ile uliyoigawa kwa kijiko?" Nilimtolea uvivu wote niliokuwa nao. "Toka ukaseme vilikuwa vyako. Sasa hivi."

Alikuwa anatokwa jasho. Akaniambia kwa sauti ya chini, anabembeleza, kwamba nikae nitulie. Wafanyakazi watapimwa upya, watakutwa wazima, shule itaridhika, oda itaendelea. Mambo yakishapoa atakwenda mahali mbali asikojulikana, atajipima kimya kimya. Na Kasuku atampeleka hospitali nzuri, ya kulipia. Oda ikishalipwa.

"Ikishalipwa lini?"

Akasema, "Na kama si mimi? Mimi sikohoi, mama. Unaishi na mimi. Umewahi kuniona nakohoa?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yule mtu hakuwa anadanganya. Angekuwa mwongo ningemheshimu kidogo. Alikuwa ameamini. Nilimwacha pale na ghala lake nikaenda nyumbani, ni hatua chache tu kutoka karakana. Binti yangu alikuwa ukumbini anampepea mtoto.

"Nipe mtoto."

"Unampeleka wapi?"

"Kwa yule muuguzi. Baba yake ana kifua kikuu."

"Mama!" Akainuka. "Usiseme hivyo! Mume wangu mzima, kifua chake..."

"Ukinitajia kifua tena nitakuzaba kibao, mkubwa hivyo hivyo. Mtazame mwanao. Usinitazame mimi, mtazame yeye."

Akamtazama. Sijui aliona nini ambacho hakukiona siku zote hizo, maana mtoto alikuwa amelala vilevile, mbavu zinapanda na kushuka. Binti yangu hakunizuia. Alivua khanga yake akamfunika nayo, akanifuata nyuma bila viatu.

Nje ya karakana watu walikuwa wametawanywa uwanjani, mmoja huku mmoja kule, wanakohoa kwenye vikopo vipya. Nilipita katikati yao mpaka kwa muuguzi, nikakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, nikamweka Kasuku mapajani.

"Sista, mtoto ndiye huyu."

Hakuuliza mtoto yupi. Alimshika mkono, akamtazama shingo, akampima uzito kwenye mizani yake, akanirudishia mapajani. Akaniambia mtoto kama huyu hawezi kutoa makohozi ya kupima, hajui kuyatoa. Kinachomsaidia daktari kuamua upesi ni kujua kama kuna mgonjwa ndani ya nyumba. Bila hivyo ni safari ya vipimo, nenda rudi. "Nyumbani kuna mtu anayekohoa?"

"Yupo. Baba yake."

"Sikohoi!" Mkwe wangu alikuwa amefika, anahema. Wafanyakazi wote wamegeuka. "Sista, huyu bibi ana chuki na mimi tangu siku ya posa. Muulize mke wangu."

Muuguzi akamgeukia binti yangu. Binti yangu akatazama miguu yake isiyo na viatu. Mwanamke yule niliyemsomesha!

Basi muuguzi akachuchumaa mbele ya mtoto. "Na wewe mrembo, unakohoa?"

Kasuku akatikisa kichwa. "Sikohoi."

"Hata kidogo?"

"Nasafisha koo."

Akajitoa mapajani kwangu, akasimama. Akashika kiuno chake kilichobaki mfupa, akainua kidevu, na akafanya. Krrrh. Krrrh. Sawasawa na baba yake, ile namna ya kutikisa bega moja, kila kitu. Halafu kikohozi cha kweli kikamkamata, kikamkunja, kikawa hakimwachii. Alipomaliza midomo ilikuwa imebadilika rangi, na alimtafuta baba yake kwa macho, aone kama amepatia.

Nilisikia vikopo vinafungwa.

Muuguzi alinyoosha mkono akampa mkwe wangu kikopo kitupu. "Baba, kama si wewe, tema humu tumalize maneno."

Alikipokea. Akakigeuza. Nilimwona anamtazama mtoto, anawatazama wafanyakazi, anaitazama karakana yake na madirisha yake yaliyofungwa. Mimi nilikuwa nimeshaandaa matusi ya kumtosha mwaka mzima, yanasubiri tu afungue mdomo kusema uongo mmoja zaidi. Akakirudisha kile kikopo mezani.

"Cha nini?" akasema. "Mmeshanipima. Vyote vile vilikuwa vyangu."

"Vyote?" Mzee Pamba akadakia kutoka nyuma. "Yaani mimi nimemtumia mke wangu salamu za mwisho kwa makohozi yako?"

Mratibu, yule wa mifuko, alikuwa amebaki na kipaza sauti mkononi hajui akifanyie nini. Mpiga picha akainua mashine yake. Muuguzi akamwambia ishushe, na akaishusha.

Siku hiyo hiyo tulipelekwa hospitali, mimi, Kasuku na mama yake kwenye gari la wale watu wa afya, madirisha wazi, na mkwe wangu amepanda nyuma peke yake amevishwa barakoa. Daktari akampiga mtoto picha ya kifua, akamsikiliza mgongoni, akasoma maelezo ya muuguzi. Hakutuzungusha. Akasema dawa zianze leo, zitachukua miezi, na msikose hata siku moja. Ni vidonge vidogo, vinayeyuka kwenye maji. Kuhusu kesho ya mtoto hakuahidi kitu. Alisema amekuja amechelewa, lakini amekuja.

Wafanyakazi walikutwa wazima, wote. Hata Mzee Pamba: vumbi tu, wakamwambia, na wakaamuru madirisha yafunguliwe. Shule ilichukua oda yake ikaipeleka kwingine. Sikumwonea huruma mkwe wangu kwa oda ile, na sasa pia simwonei.

Lakini pale hospitali, wakati nimekaa na Kasuku kwenye benchi la ndani, nayeyusha kidonge chake cha kwanza, dirisha lilikuwa wazi na nje yake amekaa mkwe wangu. Walimkataza kuingia. Amekaa chini, ukutani, magoti ameyakumbatia, mkanda mpya umempanda tumboni. Kifua kile chote kilikuwa kimenywea, angepita mtu asiyemjua angedhani ni mlinzi amesinzia. Kasuku alionja maji yale, akakunja uso, akageuka pembeni. Nikambembeleza. Akanywa kidogo, akapumzika. Akanywa tena.

"Mama," mkwe wangu akaita kutoka nje. Hakuthubutu kuinua kichwa kufikia dirisha. "Mama, amekunywa?"

Nilikuwa na mengi ya kumjibu, na yote alistahili. Nikamwambia bado kidogo, asubiri.